Wafanyakazi kutoka nchi wanachama wapya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mjadala kuhusu wageni na ajira huanzia kwenye foleni ya malori Tunduma na kuishia kwenye vikao vya halmashauri. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu maswali yake yamechanganya mambo mawili au matatu ambayo sheria huyatenganisha.

Nchi wanachama wapya zinazozungumziwa ni zipi?

Ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huohuo. Somalia ilitia saini Entebbe mwezi Desemba 2023 na kukamilisha taratibu Machi 2024. Sudan Kusini, iliyojiunga mwaka 2016, bado watu wengi huihesabu kuwa mpya, ilhali Rwanda na Burundi, zilizoingia mwaka 2007, zimekwisha kuzoeleka. Kwa Nyanda za Juu Kusini nchi yenye uzito ni Kongo. Ina watu zaidi ya milioni 100, mizigo yake mingi hupita katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na watu wake wa Katanga na Kivu huzungumza Kiswahili.

Je, Wazambia na Wamalawi nao wamo?

Hawamo, na hapa ndipo mjadala wa kwetu hupotoka mara nyingi zaidi. Zambia na Malawi si wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunashirikiana nazo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, ambayo ilipitisha itifaki ya kurahisisha mwendo wa watu mwaka 2005, lakini itifaki hiyo haijawahi kupata nchi za kutosha za kuiridhia ili ianze kutumika. Kwa hiyo Mzambia anayevuka kutoka Nakonde kuja kuuza duka Tunduma, au Mmalawi anayetoka Karonga kuja kuvuna mpunga Kyela, hana haki yoyote ya ajira itokanayo na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hata kama bibi yake amezikwa upande huu wa mto Songwe.

Jiografia imetuchezea hapa. Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye ndiye mwenye haki za Jumuiya, hawezi kufika Mbeya kwa barabara ya kawaida bila kukatiza Zambia, nchi isiyo mwanachama, akipitia Kasumbalesa na Nakonde. Mnyamwanga wa Nakonde, ambaye ana ndugu Tunduma na anaweza kwenda na kurudi kwa miguu kabla chai haijapoa, kisheria ni mgeni wa mbali zaidi kuliko yule wa Lubumbashi. Mtu anayesimama mkutanoni na kusema “wageni wa Jumuiya wamejaa Tunduma” aulizwe kwanza wageni hao wametoka wapi, kwa kuwa wengi wa wale anaowaona hawahusiki kabisa na uamuzi wa kuipokea Kongo au Somalia.

Kongo ilipojiunga, je, Wakongomani walipata mara moja haki ya kufanya kazi Tanzania?

Hapana. Haki ya mfanyakazi hutokana na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 10 ya Itifaki hiyo inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi, kuingia mkataba, kukaa nchini kwa muda wa mkataba huo, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kufuatana na mwenzi wake na watoto. Hata hivyo Ibara hiyohiyo inaacha nje utumishi wa umma, isipokuwa pale sheria za nchi mwenyeji zinaporuhusu, na inairuhusu nchi kuweka mipaka kwa sababu za sera za umma, usalama au afya.

Zaidi ya hapo, kila nchi iliambatanisha orodha ya makundi ya wafanyakazi ambayo iko tayari kuyapokea, pamoja na tarehe ya kuanza. Orodha ya Tanzania ni ya tahadhari kuliko ya Kenya au Rwanda, nayo inaegemea watu wenye taaluma na ujuzi. Kibarua wa kupalilia, mchuma chai na mbeba magunia hawakuwa ndio waliokusudiwa. Kwa hiyo picha ya mabasi yanayoshusha vibarua wa Kongo stendi ya Nane Nane jijini Mbeya asubuhi wakiwa na haki kamili ya kuingia mashambani haina msingi katika maandishi ya Itifaki, ingawa nimeisikia ikielezwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao kwa kawaida husoma kabla ya kusema.

Basi, ikiwa vizuizi vipo tayari, watu wanabishania nini?

Wanabishania mambo matatu ambayo huvaa nguo moja. La kwanza ni kama orodha ya Tanzania ipanuliwe, ibaki ilivyo, au ipunguzwe sasa kwa kuwa Jumuiya imekuwa na nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. La pili ni kama wanachama wapya wapewe masharti ya mpito tofauti na yale ya Kenya na Uganda. La tatu, ambalo ndilo linalowagusa watu wa kawaida, ni kama sheria zilizopo zinasimamiwa.

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Mgeni anahitaji vyote viwili. Malalamiko mengi ninayoyasikia yanamhusu mtu anayefanya kazi bila karatasi yoyote, kwa ridhaa ya mwajiri Mtanzania anayelijua hilo vizuri. Masharti mapya kwa Kongo na Somalia hayatamgusa mtu huyo hata kidogo, kwa sababu hayo ya sasa hayamgusi.

Agizo la mwaka 2025 lilipiga marufuku wafanyakazi wa kigeni?

Halikuwagusa wafanyakazi. Agizo lililotolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, mwishoni mwa Julai 2025 lilihusu leseni za biashara, na lilitaja shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia, uwakala wa fedha kwa njia ya simu, ufundi wa simu, saluni, isipokuwa za hotelini au za shughuli za utalii, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, udalali, na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake, na hilo halitangazwi vya kutosha.

Agizo hilo lilichochewa hasa na malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, lakini maneno yake yanamhusu kila asiye raia, akiwemo Mkenya na Mkongomani. Serikali ya Kenya ililalamika kwamba linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja. Kwetu kipengele chenye uzito ni kile cha ununuzi wa mazao shambani, kwa kuwa mkulima wa parachichi wa Njombe alikuwa amezoea kumwona mnunuzi wa Kenya akifika hadi kwenye mti. Kwa dalali wa mjini kipengele hicho ni ulinzi. Kwa mkulima ni mnunuzi mmoja aliyepungua katika kupanga bei. Ni nadra kumsikia mtu akisema yote mawili katika kikao kimoja.

Ulaya walipopokea wanachama wapya walifanyaje?

Mfano wa Umoja wa Ulaya unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wao walibishana jambo hilihili kwa miaka mingi na matokeo yake yanajulikana.

Tarehe 1 Mei 2004 Umoja huo ulipokea nchi 10 kwa mpigo. Kwa nchi 8 kati ya hizo, zile za Ulaya ya Kati na Mashariki, wanachama wa zamani waliruhusiwa kuzuia wafanyakazi kwa utaratibu wa ngazi: miaka 2, kisha 3, kisha 2, jumla isizidi 7. Ngazi ya mwisho ilihitaji nchi ionyeshe kwamba soko lake la ajira limeyumba sana au linatishiwa kuyumba. Uingereza, Ireland na Sweden hazikufunga milango. Ujerumani na Austria zilifunga hadi Mei 2011, ukomo wa mwisho kabisa.

Uingereza ilikuwa imeandaliwa makadirio yaliyosema wangekuja kati ya watu 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka miwili tu, waliojiandikisha kufanya kazi walizidi laki nne, wengi wao Wapolandi, ambao kwao ukosefu wa ajira ulikuwa unakaribia asilimia 20. Sababu moja kubwa ya makadirio kukosea ni kwamba yaliandaliwa kana kwamba Ujerumani nayo ingefungua. Jirani mkubwa alipofunga, watu walikwenda kwa aliyefungua, na kwa kuwa wengi walikuwa na Kiingereza kidogo, walikwenda Uingereza na Ireland. Sweden ilifungua vilevile, lakini haikupata wimbi la namna hiyo.

Baada ya hapo hewa ilibadilika. Romania na Bulgaria zilipokuwa zinajiandaa kuingia tarehe 1 Januari 2007, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, John Reid, alitangaza Oktoba 2006 kwamba safari hii milango haitakuwa wazi. Wataalamu wangepata vibali. Wasio na ujuzi wangepata nafasi kwa idadi maalumu katika kilimo cha msimu na usindikaji wa vyakula. Lakini aliyejiajiri mwenyewe hakuzuiwa, hivyo watu wengi waliingia katika ujenzi wakijiita wakandarasi binafsi, bila likizo wala ulinzi wa mwajiriwa, huku wakifanya kazi ileile chini ya msimamizi yuleyule. Vizuizi vilipokwisha tarehe 1 Januari 2014, wabunge wawili walikwenda uwanja wa ndege wa Luton kushuhudia ndege ya kwanza kutoka Romania, pamoja na waandishi wa habari. Abiria wengi waliokuwamo walikuwa wakaazi wa Uingereza wanaorudi kutoka likizo ya Krismasi.

Hasira ya kisiasa haikuisha kwa vizuizi hivyo. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja, na suala la wafanyakazi wa Ulaya Mashariki lilikuwa miongoni mwa hoja kuu za kampeni.

Jumuiya yetu ina ngazi kama hizo za miaka saba?

Haina. Kwetu hakuna mlango uliofunguliwa kwa wote ambao nchi inaomba kuufunga kwa muda. Kuna orodha ya kila nchi, ambayo haina tarehe inayoilazimisha ifike mwisho. Kwa maoni yangu huo ni udhaifu. Kizuizi chenye ukomo kinailazimisha serikali kueleza kinalinda nini na kwa muda gani, na kinamlazimisha aliyelindwa kujiandaa. Orodha isiyo na tarehe haimtaki mtu yeyote ajieleze.

Je, ni kweli kwamba wageni hushusha ujira?

Inategemea ujira wa nani. Kamati ya Uingereza inayoishauri serikali kuhusu uhamiaji ilihitimisha mwaka 2018 kwamba wafanyakazi wa Ulaya hawakuwa na athari kubwa kwa ajira za wazawa kwa jumla, ila kulikuwa na ushahidi wa athari ndogo ya kushusha ujira wa walio chini kabisa, huku wa juu ukipanda kidogo. Matokeo hayo hayahamishiki moja kwa moja, kwa sababu Uingereza ni nchi ambayo wengi wana mikataba, na kwetu wengi hulipwa kwa kutwa au kwa kipande.

Tazama mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, au mashamba ya mpunga ya Mbarali wakati wa kupandikiza. Kibarua hulipwa kwa kilo alizochuma au kwa eneo alilomaliza, na bei ya kipande hupangwa asubuhi kulingana na idadi ya watu waliojitokeza. Wakijitokeza watu wengi, bei hushuka, na haijalishi kama walioongezeka wametoka Karonga, Sumbawanga au Makete. Mgeni asiye na kibali ana tatizo moja la ziada: hawezi kwenda kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo atakubali bei ambayo mwenyeji angeikataa. Anayeshusha ujira hapo ni mwajiri anayetumia woga wa mtu. Amri ya kima cha chini cha mshahara na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hazimruhusu mwajiri kumlipa mtu pungufu kwa sababu ya uraia wake, na kila panapokaguliwa ipasavyo, sababu ya kumpendelea mgeni asiye na karatasi huondoka.

Vijana wa Ethiopia wanaokamatwa Mbeya na Songwe wanahusika?

Hapana. Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya, na wengi wa vijana hao wanapita kuelekea Afrika Kusini. Hawatafuti kazi hapa. Hilo ni suala la usafirishaji haramu wa watu.

Vipi kuhusu ardhi?

Ibara ya 15 ya Itifaki inaacha masuala ya ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi, na Tanzania ndiyo iliyosimama kidete kutaka iwe hivyo. Asiye raia hamiliki ardhi nchini isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji ya taifa. Kuja kufanya kazi hakumpi mtu shamba.

Watu wa huku wenyewe hawakuwa wahamiaji wa kazi?

Walikuwa, tena kwa wingi. Wabena na Wahehe walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga wakiwa manamba. Wanyakyusa walikwenda migodi ya shaba ya Zambia, na wengine walichukuliwa na WENELA, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodini, hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya uhuru iliposimamisha uandikishaji huo. Nyumba nyingi za matofali za kwanza katika vijiji vya Rungwe zilijengwa kwa fedha za migodini. Hadi leo mabinti wa Iringa na Njombe wanalea watoto wa Dar es Salaam, mara nyingi bila mkataba na kwa ujira ambao mwenyeji wa jiji hataki hata kuutaja, na hakuna aliyependekeza wazuiwe Chalinze.

Historia hiyo haimlazimishi mtu kukubali kila mgeni, na wanaoitumia kana kwamba inamaliza mjadala wanakosea. Kinachofaa kukumbukwa ni masharti yake: manamba na mchimba madini wa WENELA walitengwa kwa makusudi, wakafungwa na mikataba wasiyoweza kuivunja, ili ujira ubaki chini.

Wanaotaka vizuizi vikali wana hoja gani yenye nguvu?

Wanayo moja ambayo haijibiki kirahisi. Kongo ni kubwa mno, hali ya usalama mashariki mwake ni mbaya, na utambulisho wa raia wake ni dhaifu. Bila kitambulisho cha taifa kinachoaminika, ofisa wa mpakani hawezi kujua nani ni mfanyakazi, nani ni mkimbizi na nani si raia wa Kongo kabisa. Itifaki imejengwa juu ya dhana kwamba karatasi za nchi moja zinaaminika katika nchi nyingine. Mpaka hapo patakapokuwa sawa, kudai pasipoti na kukagua vyeti vya taaluma kimoja kimoja ni busara ya kawaida.

Hoja ya kwamba Wakongomani “watachukua kazi zetu zote” haina nguvu hiyo. Lubumbashi na Kolwezi kuna migodi mikubwa ya shaba na kobalti, na fundi mzuri wa mitambo hana haraka ya kuja kutafuta kazi Mafinga.

Tukiwazuia wao, nao hawatatuzuia?

Wanaweza, na sisi wa kusini ndio tutakaotangulia kuumia. Mwaka 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa mazao kadhaa, Tanzania ikajibu mwezi Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, na hata marufuku hiyo ilipoondolewa baada ya muda mfupi, mkulima wa ndizi wa Rungwe alikuwa amekwisha kuona mzigo ukioza. Hiyo ilikuwa bidhaa. Kwa upande wa watu, madereva wetu wa malori, mafundi magari na wauza vipuri wako kila kituo kuanzia Nakonde hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Hesabu ya kufunga milango ifanywe nao wakiwemo.

Mwandishi wa majibu haya anapendekeza nini?

Orodha ya Tanzania ipitiwe kazi kwa kazi, kila kizuizi kipewe tarehe ya mwisho, na wakaguzi wa kazi wapewe magari na mafuta ya kufika mashambani na viwandani. Kwa Kongo na Somalia, kipindi cha mpito kinachofungamanishwa na ubora wa vitambulisho kinaeleweka. Kufungia sekta nzima bila ukomo hakueleweki, isipokuwa kwa yule anayefaidika na kukosa mshindani.

Nina karakana Mafinga na nataka kumwajiri fundi wa mitambo kutoka Lubumbashi. Nifanyeje?

Tangaza kazi kwanza kwa Watanzania na utunze ushahidi wa tangazo na wa waombaji uliowafanyia usaili. Ukimkosa mwenye sifa, mpe fundi wako mkataba wa maandishi. Kanuni za Itifaki zinataka mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 tangu mkataba usainiwe, na mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Kibali cha kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miaka 2, na kinaweza kuhuishwa. Ombi la kibali cha kazi linakwenda kwa Kamishna wa Kazi, likiambatana na pasipoti, vyeti, mkataba na mpango wa kumrithisha Mtanzania. La ukaazi linakwenda Uhamiaji. Usimpe spana kabla vibali vyote viwili havijatoka, hata kama mtambo umesimama. Raia wa nchi mwanachama anaweza kukaa nchini hadi miezi 6 kwa pasi ya mgeni, lakini pasi hiyo si kibali cha kazi, na anayeitumia hivyo anajiweka hatarini yeye na wewe.